Macho ya Ihsane Chini ya Mtandio

Jumatatu, 6 Machi

Nimeharibu. Daktari kaongea Kifaransa cha mbio, na kwetu anayekijua ni mimi tu. Anataka tumrekodi dada yangu Ihsane akianguka. Macho hasa. Kwenye kifafa mara nyingi hubaki wazi. Yakifumbwa, huenda ni ugonjwa mwingine, na vidonge havitamfaa. Nikatafsiri hadi hapo. Mjomba Miloud — kwa kuwa Baba yuko Hispania, Mjomba ndiye mwenye amri — akanikatiza: "Akifumba macho anaigiza. Dawa yake fimbo."

Daktari alishasema si kuigiza. Mwili unazidiwa, mgonjwa mwenyewe hana habari. Hilo sikulitafsiri. Mjomba alikuwa ananitazama.

Alhamisi, 9 Machi

Kaanguka jikoni. Nimerekodi! Dakika mbili nzima za mtandio mweusi. Bibi alishamfunika uso na kumshikiza ufunguo wa mlango kiganjani, eti chuma hukatiza kifafa, kama siku zote. Nikamwambia Bibi kuwa daktari anataka macho. Akasema uso wa mtoto wa kike aliyeanguka si sinema.

Jioni Ihsane kasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Hicho ni kidonge cha tatu kwa siku; akizidi kuanguka, daktari huongeza kingine.

Ijumaa, 10 Machi

Tena, mbele ya sinia la kuskusi. Safari hii nimeuvuta mtandio. Bibi kanizaba kofi — potelea mbali. Yamefumbwa! Yamebanwa, machozi yanachuruzika pembeni. Nikajaribu kuinua kope kwa kidole, zikakaza zaidi.

Sekunde arobaini za video. Nimezitazama mara tisa, nimejifungia chooni. Nikizionyesha, fimbo. Nikizifuta, kidonge cha nne.

Jumatatu, 13 Machi

Benchi la kliniki, bado hatujaitwa. Asubuhi nilitaka kumwambia Mjomba yale daktari aliyosema hasa. Nikafika "Mjomba, ile siku…" Akasema niseme basi, au na mimi nataka kuanguka? Nikacheka. Mimi, nikacheka!

Sasa kakaa mkabala wetu na tasbihi yake. Ihsane kaniegemea begani. Video hajaiona. Ameniuliza sasa hivi, ulimi mzito kwa dawa:

"Wewe si uliniona? Macho yangu huwa yakoje?"

Hajui. Hajui kweli!

Tasbihi imenyamaza. Mjomba naye anangoja jibu.