Bembea Aliyoifunga Lusiano

Mbeya, kiangazi

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Agnesi,

Kamwene! Nakusalimu wewe na wanetu wote, Agnesi, Tomasi na kale kadogo ketu Filomena. Mmeamkaje huko Tosamaganga? Kikohozi cha Tomasi kimekwisha? Na mama, mguu bado unamsumbua? Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima, nakula, nalala, ila moyo una maneno mengi na leo nitayasema yote.

Na wewe Lusiano, mdogo wangu, najua ndiye unayemsomea shemeji yako barua hii, maana nyumba nzima hakuna mwingine ajuaye kusoma, na Agnesi bado anahangaika na herufi. Basi soma kama nilivyoandika. Usiruke mahali. Ukifika panapokuchoma, meza mate, endelea.

Kazi ipo. Bado nawapikia Wazungu wale wale. Bwana anapima barabara wiki nzima, lakini Jumamosi baada ya chakula cha mchana haendi popote. Anatoka uani na watoto wake. Mama Agnesi, laiti ungeona! Walichukua shuka jeupe la kitanda wakalitundika kwenye kamba ya nguo, likawa hema, wakalala humo mchana kweupe. Memsaabu akaniagiza nichemshe mayai, nikadhani ni ya kula. Kumbe watoto wanakimbia nayo kwenye vijiko, na atakayeangusha lake ameshindwa. Mayai yakaanguka nyasini, mbwa akala. Bwana naye, mtu mzima na soksi zake ndefu, akapiga magoti akatambaa, mtoto yuko mgongoni anampiga visigino mbavuni. Halafu wakafungulia mpira wa maji ya bustani wakamwagiana, na hapa Mbeya jua likichepa tu baridi inauma.

Mimi niko kwenye dirisha la jiko, nawatazama. Nasema kweli, nilimwonea wivu yule Bwana. Gari lake nimelizoea, nyumba yake nimeizoea, lakini kule kutambaa kwake na mtoto mgongoni kuliniuma. Keki ikaungua, nikagombezwa.

Siku nyingine wananiita nishike ncha ya kamba ili binti yao aruke. Jumamosi iliyopita nilikuwa nazungusha, mara nikajikuta nahesabu kwa sauti, tena kwa Kihehe, jinsi nilivyokuwa nikimhesabia Agnesi. Wakacheka, wakataka niwafundishe, nikawafundisha. Sasa wanahesabu kwa Kihehe vizuri kuliko hata Tomasi wetu. Niliporudi jikoni nilikuwa nimewakasirikia, watoto wa watu wasio na kosa lolote.

Sasa nije kwenye barua yenu. Mmeniambia mahindi yameingia kihengeni, Mungu ashukuriwe, na kwamba watoto hawana tena ndege wa kufukuza shambani, wanacheza uani tangu asubuhi. Nikafurahi. Nikasoma mbele. Lusiano amefunga bembea kwenye mkuyu nyuma ya nyumba, kwa kamba ya katani na ubao aliopiga randa mwenyewe. Lusiano anawasukuma kila jioni. Lusiano anacheza nao rede, akipigwa na mpira anajitupa chini kama amekufa, na Filomena anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Lusiano, Lusiano, Lusiano! Ukurasa mzima! Na mwandiko wenyewe ni wa Lusiano! Hivi wewe, hukuona haya hata kidogo kujisifu kwa mkono wako?

Tawi lile la mkuyu nililiona mimi. Tomasi alikuwa hajazaliwa, nikasimama pale nikasema, hapa nitafunga bembea. Muulizeni mama kama nasema uongo.

Na ule mpira mwekundu? Nilinunua mimi, kwa Mwarabu pale karibu na soko, nikauchagua nusu saa mpaka mwenye duka akachoka nami. Nikampa dereva wa lori, nikamsihi kama namkabidhi yai. Kazi ya Lusiano ilikuwa kwenda barabarani kuupokea, basi. Leo naambiwa Filomena analala nao, na akiulizwa nani kakuletea, anajibu, Baba Lusiano. Na ninyi watu wazima mlikuwepo, mkacheka, hakuna aliyemsahihisha!

Najua mtakachosema. Mdogo wa baba ni baba, watoto tumewafundisha sisi wenyewe kumwita hivyo, na mimi nilikua nikiwaita hivyo wadogo wa baba yangu. Ni desturi yetu, na ni nzuri. Sina kesi. Hata nikienda barazani kwa jumbe nitafukuzwa. Ndiyo maana inazidi kuniuma. Tena Mama Agnesi, usije ukadhani ni ule wivu wa mume kwa mke. Huo ningejua pa kuupeleka. Huu ni wa watoto, na sijui mtu anaupeleka wapi.

Unakumbuka likizo iliyopita. Filomena aliponiona alijificha nyuma ya kanga yako akawa ananichungulia. Nikampa sukari guru, akaipokea, akakimbia nayo. Alianza kunizoea siku ile niliyokuwa nafunga mzigo kurudi huku.

Lakini kilichonikata maini ni ile habari ya mwisho, mliyoiandika ili nicheke. Kwamba watoto wakicheza baba na mama, wakipika udongo wao kwenye vigae, wanagombana kwa sababu hakuna anayetaka kuwa baba. Maana anayekuwa baba anawaaga wenzake, anakwenda kukaa nyuma ya kihenge peke yake mpaka mchezo uishe. Na Tomasi amelia, anasema kila siku baba ni yeye, amechoka kukaa huko.

Mimi sikucheka. Niliketi juu ya kuni nje ya jiko, na barua mkononi, mpaka memsaabu akaja kuuliza kama naumwa. Wanangu hawajakosea. Wanacheza walichokiona.

Basi nimeamua, na neno limekwisha kutoka. Nimemwambia Bwana mwisho wa mwezi naacha kazi. Akadhani nataka kuongezwa mshahara. Nikamwambia hapana Bwana, nataka kwenda nyumbani kucheza. Akasema sawa. Nitalima, na huko misheni wakitaka mpishi nitaomba. Kanga mpya itachelewa, Mama Agnesi, na sukari tutaitia kwenye chai kwa adabu. Kama unataka kunigombeza, nigombeze nikiwa nimekwisha fika.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua mguu nakuja nayo. Nisalimie mjomba wangu mfuga nyuki, na shangazi, yule asiyekubali kwamba nimeota mvi. Jirani yetu katekista mwambieni nashukuru kwa kuniombea, aongeze. Agnesi mpe pole ya shule, na Tomasi mwambie asikubali tena kuwa baba, awe hata mbwa wa nyumbani.

Sasa Lusiano, hapa soma kimya. Kaka mkubwa haombi kwa mdogo wake, anaagiza, lakini leo mimi naomba. Bembea usiifungue. Umeifunga vizuri, na wanangu wamecheka kwa ajili yako wakati mimi nawachekesha wa wengine. Nakushukuru, ingawa neno hili nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha. Siku nitakayofika usije barabarani kunipokea, mzigo nitaubeba mwenyewe. Ukisikia mbwa wanabweka, waache watoto hapo hapo uani wakicheza, mshike shemeji yako mkono, muingie ndani mjifiche. Kidogo tu, mdogo wangu. Mpaka Filomena ageuke huku na huku, akose mwingine wa kumkimbilia.

Ni mimi kaka yako, mume wa huyo unayemsomea,

Augustino,
baba yao Agnesi, Tomasi na Filomena.