Sufuria ya Mchana

Jumanne, 2 Desemba

Mvua tena usiku. Uyoga tena asubuhi. Mayu, mama mkwe wangu, aliondoka na kikapu kabla sijachemsha chai. Nimekwenda zahanati, nimepima uzito watoto kumi na mmoja, nimegombana na mzani, nimerudi saa nane nina njaa. Nikamkuta Mayu jikoni kwenye kigoda, sufuria ndogo mbele yake, anakula peke yake. Hata karibu hakusema.

"Wenu uko kwenye ungo. Wa jioni."

Wa jioni! Tangu mvua zianze ni hivi hivi. Mchana anajipikia yeye, jioni sisi tunapikiwa uliobaki. Nikimuuliza ananiambia ni desturi ya kwao, mchumaji hula kwanza. Mimi ni mtu wa mjini, wa Gongoni, nimeolewa huku Goweko miaka kumi na minne, na kila ninapodhani nimezimaliza desturi za Wanyamwezi inatokea nyingine. Hii imetokea msimu huu.

Ulafi ningeuvumilia. Kinachoninyima raha ni hofu. Msimu uliopita alikuja zahanati mama mmoja na binti yake, wamekula uyoga usio wenyewe. Tuliwakimbiza hospitali ya mjini. Binti alirudi nyumbani, mama hakurudi. Tangu hapo kila nikiona kikapu cha Mayu nawakumbuka. Nimemwambia tule ule wa kichuguu tu, ambao hata kipofu anaujua. Alinitazama vibaya sana. Akaniuliza kama siku hizi mimi ndiye ninayejua kuchuma.

Sijui kuchuma. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Jumatano, 3 Desemba

Wali una mawe. Mchele kauchagua Mayu, asubuhi nzima, kwa vidole, huku akiangalia barabarani. Mume wangu Mihayo ameuma jiwe mpaka nimesikia mimi niliyekaa upande wa pili wa mkeka. Amelitoa jiwe, ameliweka pembeni ya sahani kistaarabu kabisa. Ningekuwa nimeuchagua mimi tungelisikia jiwe hilo mpaka Pasaka.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya somo la lishe. Wamekuja kina mama kama ishirini, nusu yao wamekuja kukwepa mvua.

Nimewafundisha vyakula vilikotoka. Nilijiandaa wiki nzima. Nimewaambia mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, karanga ni mgeni, vyote asili yake Amerika, vikavuka bahari na wafanyabiashara, vikapanda huku bara kwa njia ya misafara. Mchele nao ulipandishwa na watu wa pwani. Lakini mlenda, majani ya kunde, matunda ya porini kama mbula na furu, na uyoga ni vya hapa hapa. Msiviite chakula cha shida.

Mayu alikuwa amekaa nyuma, kikapu magotini. Akauliza, "Huo muhogo, kama ni mgeni, mbona hauagi?"

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Somo likasimama hapo kwa dakika tano nzima. Na yeye akanyanyuka, akajitwisha kikapu, akaenda zake porini. Amenivurugia, kaondoka.

Nikaendelea na waliobaki. Uyoga una protini, ila haushindi maharage, kwa hiyo uunge karanga za kutwanga. Ukiuanika juani unaongezeka vitamini D, na unakaa mpaka kiangazi. Wakaandika wenye kalamu. Ndipo Mama Kulwa, jirani yangu mwenyewe, mtu wa kila Alhamisi, akasema yeye hana wasiwasi wa sumu kwa sababu hutia kitunguu kwenye sufuria. Kikibaki cheupe, uyoga ni salama. Wengine wakaitikia. Mmoja akasema kwao humpa kuku kwanza.

Nilitaka kulia. Kitunguu hakijui kitu. Kuku hajui kitu. Nimerudia mara tatu: sumu iliyo mbaya kuliko zote haina haraka. Unakula mchana, jioni uko mzima, unalala vizuri, unaanza kuumwa kesho yake. Ukijisikia vizuri baada ya saa tano au sita haina maana yoyote. Mara tatu nimesema.

Mama Kulwa akauliza, je kitunguu saumu?

Ijumaa, 5 Desemba

Nimechoka. Uyoga. Wa jioni.

Jumamosi, 6 Desemba

Mayu ametapika.

Saa kumi, nyuma ya choo, nimemsikia kabla sijamwona. Nimekimbia na maji. Kanisukuma. Eti ni jua. Jua gani, mawingu tangu juzi! Nimemwambia twende zahanati, amekataa. Nimemwambia alete nilichokuwa nimekula, nikakosea maneno kwa hasira, nikarudia: nionyeshe ulichokula. Sufuria kashaiosha. Inang'aa.

Halafu akafanya jambo moja. Aliingia jikoni akapapasa mpaka akaupata ungo wenye uyoga wetu wa jioni, akaubeba, akaenda kuumwaga wote chooni. Uyoga mzima, umechambuliwa, umeoshwa.

Nimepiga kelele. Kama ni jua, kwa nini umwage chakula? Na kama ni uyoga, kwa nini useme ni jua? Mtu mzima anadanganya kama mtoto aliyeiba sukari. Mihayo karudi kutoka shamba ananiambia, taratibu, huyo ni mama yangu. Najua ni mama yako. Mtu aliyetapika haponi kwa kuwa mama yako.

Jioni tumekula ugali na mlenda wa kukausha. Mayu kanywa uji. Amesema ameshapona.

Jumapili, 7 Desemba

Sijaenda popote. Nimekaa na Mayu kutwa, namtazama macho kama yamekuwa ya manjano, nampa maji na chumvi na sukari, naulizwa kama sina kazi. Anakojoa vizuri. Anakula. Anasengenya. Nadhani alikula uyoga wa kuvuruga tumbo tu, si ule wa kuua. Nadhani. Nimemwita mganga wa zahanati, amekuja kwa pikipiki, amesema tuendelee kumwangalia, na akibadilika tu tumpeleke mjini.

Alipoondoka nikamtolea Mihayo yangu yote. Nikamwambia mimi desturi zenu naziheshimu, ila hii ya mchumaji kula kwanza peke yake, wengine mpaka jioni, ni ya kipuuzi na leo ingetuletea msiba.

Mihayo akaniangalia. "Desturi gani?"

Nikamweleza.

Hajawahi kuisikia. Anasema walipokuwa wadogo Mama alipika sufuria moja kubwa, wanakaa wote saba mikono inagongana. Aliyechelewa analamba karanga chini ya sufuria. Hakuna kwanza, hakuna jioni.

Basi desturi hii ina umri wa mwezi mmoja. Ameitunga mwenyewe. Kwa nini?

Nimekaa nikafikiria mchele. Vidole. Anavyopapasa ungo. Wiki iliyopita alimwamkia Mama Kulwa "habari za shamba, baba." Tulicheka. Mimi nilicheka.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimechukua nyanya mbili mbichi mbichi, ngumu, moja imeshika wekundu, nyingine kijani kabisa. Nimempa mkononi. "Mayu, nipe hiyo nyekundu."

Amezibonyeza. Amezinusa. Kazigeuza tena. Halafu akazirudisha mapajani mwangu zote mbili, akageuza uso ukutani.

Hivi ndivyo alivyosema baadaye, kwa Kinyamwezi kwanza, halafu Kiswahili nilipoomba. Ukungu machoni ulianza msimu uliopita wa tumbaku. Jicho la kushoto halioni kitu ila mwanga. La kulia linaona watu kama nguo zilizoanikwa. Porini anajua njia, anajua mti gani unazaa nini chini yake, anauchimbua uyoga na shina lake, anaupapasa, anaunusa. Ila rangi ya chini ya kofia haioni tena, na kuna aina mbili ambazo mkononi ni sawa sawa, zinatofautiana rangi hiyo tu.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuacha.

Akasema Desemba ghala limebaki vumbi, wote tunakula msituni, mwanawe analima tumbaku mpaka mgongo unapinda, mimi nashinda kazini. Yeye akiacha kuchuma anakaa pale kwenye kigoda anasubiri kulishwa. Kwa hiyo alijipangia. Anakula yeye mchana. Jioni akiwa mzima, na sisi tunakula. Akiwa si mzima, hatuli.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza anavyofunga mbuzi.

Mwezi mzima nimemwita mlafi. Humu humu kwenye daftari hili.

Na bado ilinibidi nimwambie. Alhamisi alikuwa ameshaondoka niliposema maneno yale mara tatu, na ni yeye peke yake kati ya wote aliyestahili kuyasikia. Nikamwambia sasa. Kwamba ile mbaya kabisa haionyeshi mchana. Kwamba jioni angekuwa mzima, angetupakulia, tungekula wote, na kesho yake tungelala wote chini.

Mihayo alikuwa mlangoni, jembe bado begani.

"Basi ningewaua," Mayu akasema. "Na mimi nikiwa najiona nawalinda."

Mimi nilikasirika. Nimekasirika sana, na sijui nani wa kumkasirikia. Yeye kwa kuficha, Mihayo kwa kutouliza. Mimi mtaalamu wa lishe, ninayepima mikono ya watoto wa kijiji kizima kwa utepe, nimelala nyumba moja na mtu asiyeona nikamlaumu kwa mawe ya mchele.

Jumanne, 9 Desemba

Nimezungumza na mganga. Ni mtoto wa jicho, yaelekea, macho yote mawili, na huondolewa hospitali ya mjini kwa upasuaji mfupi. Mayu amesema hataki kukatwa jicho. Nimemweleza. Amesema hataki. Nimemweleza tena. Amesema kuna mtu wa Sikonge alikatwa akafa. Alikufa na nini? Na uzee, miaka mingi baadaye. Mungu nipe subira.

Mwisho amesema atakwenda uyoga ukiisha. Mihayo kaandika tarehe ukutani kwa mkaa ili asije akaikana.

Kikapu nimekificha juu ya dari. Amekaa kwenye kigoda kutwa nzima, mikono mapajani, hajasengenya mtu hata mmoja. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua usiku. Asubuhi nimekishusha kikapu.

Nimeomba ruhusa kazini nusu siku. Tumekwenda wawili, mkono wake begani kwangu, na yeye ndiye anayeniongoza mimi. Kushoto hapo. Vuka hicho kijito. Sasa utaona kichuguu kimepasuka upande. Kipo, kimepasuka upande.

Tulikubaliana njiani: wa kichuguu tu. Mwingine wowote tunautazama, hatuuchukui. Kila nilipouona mwingine alinifanya niiname nimwambie ulivyo, kofia, chini ya kofia, shina, tako la shina udongoni. Nilikuwa nasema yeye anasikiliza, macho amefumba. "Acha." Mbele tena. "Acha." Mmoja aliniambia jina lake na kwamba mama yake aliupenda kuliko nyama. Nikauliza, basi tuuchukue? "Mpaka niuone mwenyewe," akasema. "Acha."

Tumerudi na kikapu hakijafika nusu.

Mchele nimeuchagua mimi. Uyoga kataka kuuosha yeye, nikamwachia. Nimeutia karanga. Mihayo karudi mapema, hajaulizwa. Sufuria moja, mkeka mmoja, saa saba mchana. Mayu aliweka mkono juu ya sahani akangoja. Nikaweka wangu. Mihayo akaweka wake. Tukaanza.

Uyoga una mchanga. Nimetafuna.