Kidole Gumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

King'ora mara mbili leo. Ng'ambo ya daraja wamepiga mabomu tena. Binti yangu, kitinda mimba, kashinda kwenye gari la wanaojitolea, wanatoa wagonjwa na wazee huko. Karudi hajala, simu sikioni. "Sawa mama. Nimekuelewa mama." Mama! Nikageuka, nikidhani naitwa mimi. Kumbe ni yule mwenye duka la dawa, anayewapangia safari kwa simu. Nimemwekea chakula, kasema asante bila kunitazama. Mimi nilibeba miezi tisa, yule kabeba simu tu!

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba kinyozi wa hapa jirani aniingize kwenye kundi lao la simu. Kacheka — mama, na wewe unaenda vitani? Nikamwambia anyoe vichwa, aniache. Nasoma polepole, lakini nasoma. Binti kaandika: tumevuka salama. Mwenye duka kajibu: hongera mwanangu. Mwanangu!! Mdomo ni wake, sawa, lakini mtoto je? Wivu wa mtu mzima ni kama upele wa kiunoni, huukuni mbele za watu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi tangazo kundini: mjamzito ana uchungu, ghorofa ya tatu, ng'ambo. Binti akaweka kidole gumba. Nikawahi kuweka changu chini ya chake, kabla mwenye duka hajamsifu. Mwanangu aone nimemtakia heri. Basi!

Kinyozi kaja mbio, povu mkononi. Kumbe kwao kidole maana yake naenda. Vidole viwili, safari imejaa: mmoja aendeshe, mmoja akae na simu. Zimamoto mmoja mstaafu alitaka kwenda, kaambiwa nafasi hakuna. Mara mwenye duka kanipigia, sauti laini — dada, kama umekosea sema tu, nimrudie yule mzee. Laiti angenifokea! Nikasema sijakosea. Nikavaa viatu.

Binti kanikuta barabarani: "Mama, wewe na presha yako! Rudi nyumbani."

"Mwenzio atazaa huku unabishana."

Kaondoa gari.

Ijumaa hiyo hiyo, ng'ambo

Naandika garini. Ukuta wa mbele wa jengo una tundu, unaona kitanda cha watu na shuka lake. Binti kapanda juu na machela. Kaniachia simu yake: ikilia pokea hapo hapo, ni mama huyo, ndiye atakayetuambia daraja likifunguliwa. Wanafungua dakika chache tu. Tukichelewa hatutoki leo.

"Ni mama huyo." Kaniambia mimi, usoni.

Nasikia wanashuka, mgonjwa anapiga kelele.

Imelia. Kwenye kioo: MAMA. Nimeitazama mpaka ikakata. Mungu nisamehe.

Wamefika ghorofa ya kwanza. Binti ananiita — mama kapiga? Kapiga?

Inalia tena