Chip ya Mashine ya Modesta

Jumatatu, 3 Machi
Bado kompyuta haiioni programa, ile ya kuandikia chip. Siku ya tatu hii. Nachomeka, inalia ting, halafu ujumbe uleule: kifaa hakitambuliki. Draiva nimeweka mara nne. Mara ya tano antivirasi ikafuta kila kitu nilichopakua, ikaniambia nimeokolewa.

Mashine ya ultrasound ya zahanati ya dada Modesta iko mezani, matumbo nje. Ilikuja Ijumaa kwa basi kutoka ziwani, imefungwa kwenye kitenge. Umeme ulicheza, ikazima. Sasa taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Ugonjwa naujua. Ile chip ndogo ya miguu minane, yenye maelekezo ya kuwashia, imevurugika. Inatakiwa isomwe, ifutwe, iandikwe upya. Kazi hiyo ndiyo ya programa, kidude kidogo kuliko kiberiti. Miaka tisa natengeneza simu na redio hapa Mpanda, chip sijawahi kuandika.

Nilimwambia dada siku mbili. Sijui kwa nini nilisema siku mbili.

Jumanne, 4 Machi
Imeonekana. Nimezima ulinzi wa kompyuta, nikawasha upya, draiva ikakubali. Nilifurahi kama dakika kumi.

Kompyuta iko chini ya meza, programa haifiki kwenye mashine. Nikaunga waya wa kurefushia. Klipu ya kubana chip inateleza, naachia mkono inaruka kama panzi. Saa tisa ndo ikashika. Nikasoma. Tupu. FF FF FF kurasa nzima.

Umeme ukakatika. Nikaenda kulala mchana, kwa hasira.

Jumatano, 5 Machi
Nimepakwa majivu kanisani asubuhi, nikarudi moja kwa moja mezani.

Leo inasoma. Mara ya kwanza faili moja, mara ya pili faili lingine, mara ya tatu lingine tena. Chip ni ileile, haijaguswa. Kama masomo hayafanani, huna kitu. Hilo hata mwanagenzi analijua.

Dada amepiga. Kuna mama anaitwa Nyamizi, wa kwenye maboma ya ng'ombe, mimba ya miezi minane. Tumbo kubwa kupita kiasi. Dada anahisi mapacha, na wa kwanza kama amelala kiubavu, lakini kwa mkono hana uhakika. Mume hataki kumpeleka Mpanda kwa kuhisi tu.

"Nikimwonyesha kwenye kioo atakubali leoleo," dada akasema. "Mdogo wangu, nikusubiri au nisikusubiri?"

Nikamwambia anisubiri.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeifuta chip.

Bila nakala ya kuaminika. Nilisoma mara ya tisa, ikatofautiana tena, nikabonyeza kufuta. Hasira tu. Nikaandika faili nililolipata mtandaoni, la mashine ya toleo jirani, majina yanapishana herufi moja. Sasa hata feni haizunguki.

Dada kapiga mara mbili. Sijapokea.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Sijafanya kitu. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia. Nilianza na habari za draiva, dada akanikatiza.

"Sema tu umeiua."

Nikasema nimeiua. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akauliza kama kuna njia yoyote. Iko moja: kupata chip ya mashine kama hiyo, nzima, niinakili. Akasema wageni wafadhili walioleta yake walimpa nyingine kama hiyo Daktari Bukuru, mwenye kliniki Katumba. Akanipa namba.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole. Kisha: "Umeua ya kwanza, sasa unataka na yangu?"

Mimi pia ningekataa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda hivyohivyo. Bodaboda, tope mpaka magotini, programa na klipu nimevifunga kwenye nailoni kifuani. Sikwenda kanisani.

Daktari Bukuru ni mzee mwembamba, anaongea polepole, Kirundi kinasikika chini ya Kiswahili chake. Alinikuta nimekaa kwenye benchi la wagonjwa. Sikumwambia habari za mashine tena. Nilimwambia habari za Nyamizi. Akauliza mimba ya ngapi. Nikasema ya tano. Akageuka, akaenda kuileta mashine mwenyewe.

Sharti lake: chip isitoke mahali pake, nisome tu, nisiandike chochote, na yeye asimame hapo. Alisimama saa nzima mikono nyuma.

Nikatumia laptop yake. Waya wa kurefushia niliusahau nyumbani, nikachomeka programa moja kwa moja. Nikasoma mara tatu. Mafaili matatu, yote sawasawa.

Nilibaki naangalia kioo. Ni ule waya. Wiki nzima ni ule waya. Chip ya dada pengine ingesomeka vizuri tangu Jumanne, ningerekebisha tu palipovurugika. Niliifuta kwa sababu ya waya.

Mashine yake ikawaka kama kawaida. Akashusha pumzi, na mimi nikashusha.

Jumatatu, 10 Machi
Kompyuta nimeipandisha juu ya meza. Nikafuta, nikaandika faili la Katumba, nikahakiki. Sawa. Kioo kikawaka saa nne na nusu asubuhi. Sikupiga hata kelele. Nilikaa sakafuni.

Dada hapatikani. Amepiga jioni. Jumamosi, baada ya simu yangu, hakusubiri tena. Aligombana na mume, akampakia Nyamizi kwenye gari la dagaa, akapanda naye. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imekata barabara. Walikaa kwenye tope usiku kucha. Walifika hospitali Jumapili asubuhi, akapasuliwa. Mapacha kweli. Wa pili, wa kike, mzima. Wa kwanza hakulia.

Jumatano barabara ilikuwa kavu.

Jumanne, 11 Machi
Nimepeleka uji wodini. Dada alikuwa amelala kwenye kiti, viatu vina tope. Nyamizi alinishukuru kwa uji. Hanijui mimi ni nani. Nilitaka kumwambia, nikaona ningekuwa najitua mzigo kwa kumtwisha yeye. Nikamshika mtoto. Mwepesi sana.

Nje nikamwambia dada kuhusu waya. Akasema, "Na mimi nilikuwa na mikono, nikasubiri kioo."

Ijumaa, 14 Machi
Nimeileta mashine mwenyewe, nimeipakata kwenye basi njia nzima. Zahanati ina kina mama sita kwenye foleni. Tukaiwasha. Kabla ya picha kutokea, kioo kikaandika: BUKURU, KATUMBA. Jina la mwenyewe lilikuwa ndani ya chip, nami nimelinakili pamoja na vingine.

Dada akauliza kama linafutika. Nikasema linafutika, lakini lazima niifungue tena.

"Liache," akasema, akamwita mama wa kwanza.

Nikatoka nje kuwapisha. Dagaa wameanikwa mpaka karibu na maji. Kupitia dirishani nikausikia moyo wa mtoto kwenye mashine, haraka haraka, kisha dada akisema, mmoja tu huyu, amekaa vizuri.