Mche wa sabuni na tangi la lori la kijiji

Mwanne, leo nimeumbuka! Nimeumbuka mbele ya Busawe nzima, na bado nacheka.

Lori la kijiji lilikuwa limpeleke Ghati hospitali Mugumu, uchungu umemshika tangu alfajiri. Kumbe tangi linavuja dizeli! Ufa wenyewe kama unywele, lakini dizeli ni ile ya kibali, tunapimiwa kwa mwezi. Ikiishia njiani, mtoto anazaliwa porini.

Dereva Swaleh yuko chini ya lori, kaziba ufa kwa kidole, anapiga kelele: "Sabuni ya mche! Kipande tu, nisugue hapa!"

Sabuni! Mwaka huu ambao madukani haipo, na ukikutwa nayo unaitwa mlanguzi! Wanawake wote tukaanza kuangalia mawingu. Mwenyekiti Heche, mtakatifu wetu, akaona ndiyo nafasi ya hotuba: "Ndugu wananchi, hapa hatuna walanguzi, na sabuni ya magendo haipo!" Ghati analia, yeye anahutubia.

Nikashindwa, Mwanne. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa mche wangu kwenye debe la mtama. Swaleh akausugua kwenye ufa mpaka ukajaa. Tone la mwisho, basi, pakavu.

Unadhani nilipewa asante? Heche kanikazia macho: "Mama Shani, sabuni hii umeitoa wapi?"

Umeitoa wapi! Yeye ananiuliza mimi!

Nikamwambia, "Kwako, Mwenyekiti. Juzi, mlango wa nyuma. Umesahau?"

Watu wote wakamgeukia yeye. Hata Ghati aliacha kulia.

Heche huruma ikamjaa ghafla: "Swaleh, washa gari! Hamwoni mama wa watu anateseka?"