Alama ya Dole Gumba Lako

Shikamoo, Baba.

Leo nimeisaga alama ya dole gumba lako. Nalisema mapema kwa sababu likibaki kooni sitaweza kuandika mengine.

Unazikumbuka silinda za zege ulizomwaga kwa ajili ya kupima mihimili ya lile jengo la Msalato? Ulizitumbukiza kwenye tangi la maji pale maabara ukaniambia, "Mwanangu, zikikomaa tutazipima pamoja." Zikakomaa. Wewe tulikuwa tumeshakuzika Kibakwe. Juu ya kila moja ulikuwa umebonyeza dole gumba zege likiwa bado bichi, ndiyo saini yako, maabara nzima inajua. Nilikuwa nakutania kwamba unajisumbua bure, maana kabla ya kupima lazima uso wa juu wa silinda usagwe uwe bapa. Nawe unacheka, "Acha isagwe. Mimi nimeshapita."

Kila asubuhi nilikuwa natia mkono kwenye lile tangi, napapasa vile vishimo vidogo. Nguo zako ziligawiwa ndugu msibani. Hakuna kingine kilichobaki na umbo lako.

Injinia wa jengo lile akapiga simu. "Dada, pole sana na msiba, lakini tunasubiri. Nguvu hatuna wasiwasi nayo, je, mihimili ikinepa?" Nilitamani kumtukana. Lakini ndiyo mahubiri yako mwenyewe, Baba: zege kali linaweza kubeba mzigo mzito bila kuvunjika, na bado likanepa kuliko lilivyopigiwa hesabu, kwa sababu ya kokoto zilizomo. Na watu watakaa chini ya mihimili hiyo.

Nikasaga. Maji ya kijivu yakatiririka mferejini, basi, nawe ukaisha.

Silinda za kwanza nilizivunja ili nijue nguvu ya zege. Ya mwisho niliifunga vipimo vya kuonyesha inavyofupika, nikaipa theluthi tu ya mzigo wa kuivunja. Ikafupika kiasi ambacho jicho halioni. Nikaanza kuachia mzigo, na hapo ndipo wewe siku zote ulipokuwa unaiambia silinda, kana kwamba ni mgonjwa, "Sasa pumua." Mdomo ukagoma. Neno hilo nilikwambia wewe hospitalini nimekushika mkono, pumua Baba, pumua, na hukupumua tena.

Mshale wa kipimo ukarudi sifuri. Zege likarudi lilivyokuwa. Nililichukia, Baba, nakwambia kweli. Kisha nikalivunja nalo, kama utaratibu unavyotaka.

Limefupika kuliko hesabu za injinia. Mihimili itaongezwa kimo isije ikanepa. Ulikuwa sahihi na sina wa kumwambia. Mama bado anasonga ugali wa uwele wa watu watatu, halafu anabaki kuutazama. Watu wananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Naitikia amina, nikifika chumbani kwangu Majengo sioni kesho ya kuingojea.

Lala, Baba. Siwezi kukuahidi kwamba nitapoa, kwa sababu sioni nikipoa. Nakuahidi hili tu: kila nikiachia mzigo nitasema "pumua" kwa sauti, hata kama niko peke yangu na mashine. Leo nimeshindwa. Kesho nitajaribu tena. Zipo silinda nyingine tangini, nimezipapasa zote, na juu yake ni laini tupu.

Mwanao,
Neema