Salamu Zinazozunguka Newala

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Newala ukungu umefika mlangoni, nami natafuna korosho za moto. Ile kompyuta kubwa ya ofisi, iliyoko Dar, ina kompyuta pepe za Linux ndani yake, yaani kompyuta za programu tu, zisizo na mwili wao. Leo nimegundua kwamba ujumbe wake kwenda kwa hizo Linux ulikuwa unapanda hadi tawi la hapa, kisha unarudi Dar! Nikamsimulia Mama Asha, mwenye nyumba ya wageni. Akashangaa: "Wanakaa nyumba moja, salamu zizungukie Newala? Kwani wamegombana?"

Nikacheka, nikainyoosha njia. Halafu nikatukumbuka sisi: huko Dar tumetenganishwa na ukuta mmoja, lakini habari zako nazipata kwa mama aliyeko Ndanda.

Nikirudi nitapiga hodi kwako mwenyewe. Nifungulie, dada.

Mdogo wako,
Zuhura